Mizani Mbili Kwenye Ukurasa Mmoja

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na laptop mbele yangu, kwa sababu ulichokieleza nimekikuta kwa vijana wengi wanaomaliza chuo, na nimekikuta pia kwa watu wenye miaka kumi kazini.

Wadogo zangu wengine, niwape kisa ili twende pamoja. Kijana wetu yuko mwaka wa tatu pale CIVE, ndaki ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Anatengeneza tovuti ya bei za mazao. Kwenye CSS ameandika kwamba upana ukifika pikseli 768, menyu ya juu ionekane yote. Kwenye JavaScript ameandika kwamba upana ukiwa chini ya 768, kiwekwe kile kitufe cha mistari mitatu cha kufungulia menyu ya simu. Namba ni ileile pande zote mbili. Lakini akilipunguza dirisha la kivinjari taratibu, kuna mahali menyu zote mbili zinasimama pamoja, moja juu ya nyingine. Akisogeza kidogo tena, mambo yanakaa sawa. "Dada," anauliza, "hesabu yangu imekosea wapi?"

Hesabu yako haijakosea, mdogo wangu. Umepima kwa mizani mbili. Aliyewahi kuuza mahindi pale Kibaigwa anajua kinachotokea gunia likipimwa nyumbani kwa mizani moja na sokoni kwa nyingine. Hakuna aliyedanganya, lakini kilo hazilingani, na ugomvi unaanzia hapo.

Tazama. Kwenye Windows, pembeni mwa dirisha kuna utepe wa kuskroli ukurasa juu na chini. Una upana wa pikseli kama 15 hadi 17. CSS inapopima upana kwa ajili ya media kweri, yaani lile sharti lako la upana, inauhesabu na huo utepe. Wewe umepima kwa jQuery, kwa ule mstari wa kuchukua upana wa dirisha, na jQuery inautoa utepe kabla ya kukupa jibu. Basi dirisha likiwa na pikseli 775, CSS inasoma 775 na kusema hii ni kompyuta. JavaScript inasoma 758 na kusema hii ni simu. Kama utepe ni wa pikseli 17, ugomvi unadumu kuanzia 768 mpaka 784, halafu wanapatana tena. Hiyo ndiyo sehemu uliyoiona.

Na ndiyo maana kwenye simu yako hutaliona kosa hili kamwe. Utepe wa simu unaelea juu ya ukurasa, hauchukui nafasi yoyote, kwa hiyo mizani zote mbili zinatoa jibu moja. Utajaribu simu, utafurahi, utapeleka kazi. Atakayeliona ni mhasibu mwenye kompyuta ya ofisini aliyegawa kioo nusu kwa nusu, barua upande huu na tovuti yako upande ule.

Najua utakachonijibu, maana nami nilijibu hivyo zamani: basi nitatumia innerWidth, hiyo inahesabu utepe. Ni kweli, inahesabu, na ugomvi wa utepe unaisha. Lakini namba 768 bado umeiandika mahali pawili. Siku mwenzako wa kubuni muonekano akiihamisha kwenye CSS kuwa 820, nani atakumbuka kwamba kuna nakala yake ndani ya faili jingine? Tena innerWidth hukupa namba kamili tu, wakati kivinjari chenyewe, mtu akikuza ukurasa kwa asilimia 110, kinaweza kuwa na upana wa 767.27. Ukiwa umeandika kanuni moja inayoishia 767 na nyingine inayoanzia 768, hapo katikati hakuna kanuni hata moja inayoshika. Ukifungua faili la Bootstrap ukakuta wameandika 767.98, usidhani ni kosa la uchapaji. Wanaziba ufa huo.

Dawa ni kuacha kupima. Kiulize kivinjari swali lilelile ambalo CSS inakiuliza. Kuna kitu kinaitwa matchMedia. Unakipa maneno yaleyale ya media kweri, (min-width: 768px) pamoja na mabano yake, nacho kinakurudishia kitu chenye sifa inayoitwa matches, ndiyo au siyo. Jibu linatoka kwenye mizani ileile ya CSS, kwa hiyo haliwezi kupishana nayo. Kisha unakifungia msikilizaji wa tukio la change, nacho kitakuita pale tu mpaka unapovukwa. Mtu akivuta dirisha kutoka 1200 mpaka 800 hutaitwa. Akishuka chini ya 768 utaitwa mara moja, basi. Ni kama mlinzi wa geti: hahesabu hatua zako barabarani, anaandika jina lako ukivuka. Kama una watumiaji wenye iPhone za zamani, Safari ya kabla ya toleo la 14 la mwaka 2020 haiupokei usikilizaji huo kwa njia ya kawaida, hiyo unaipa addListener.

Na ile namba iliyoandikwa mara mbili? Mimi hufanya hivi, na ni njia ninayoipenda kuliko zote. Kwenye CSS, juu kabisa kwenye :root, naweka kigeu nilichokiita --mpangilio, thamani yake ni finyu. Ndani ya media kweri ya kwanza nakibadilisha kuwa wastani, ndani ya inayofuata kuwa pana. JavaScript haijui namba yoyote. Inasoma neno hilo kwa getComputedStyle, inakata nafasi tupu za pembeni kwa trim (usiisahau trim, vivinjari vingine huleta neno likiwa na nafasi mbele, nawe utashangaa kwa nini "finyu" hailingani na "finyu"), kisha inafanya kazi kulingana na neno. Mwenzako akihamisha mpaka, JavaScript inafuata bila kuguswa. Usijaribu kufanya kinyume chake, yaani kuweka namba kwenye kigeu cha CSS na kukiita ndani ya sharti la media kweri. CSS hairuhusu hilo.

Sasa nikae kidogo kwenye jambo jingine, maana ndilo lililonifundisha kazi hii.

Msimu mmoja wa zabibu, mwezi wa Agosti, nilitengenezea kikundi cha wakulima upande wa Mpunguzi fomu ndogo ya kuandikia mzigo. Karani anasimama kivulini karibu na mizani, kreti zinapita, anaandika jina la mkulima na kilo. Ofisini kwangu fomu ilikuwa safi. Nilitaka iwe na safu mbili kwenye kompyuta na moja kwenye simu, nikaweka msikilizaji wa tukio la resize: dirisha likibadilika ukubwa wowote, pima upana, ijenge fomu upya. Siku ya pili karani akanipigia. "Dada, haikubali kuandika." Nikamwambia azime simu awashe. Nikamwambia afute historia ya kivinjari. Siku ya tatu nikapanda gari nikaenda.

Nikasimama nyuma yake nikatazama kidole chake. Akagusa kisanduku cha kilo. Kibodi ikapanda. Ilipopanda, eneo la ukurasa likawa fupi, na kivinjari kikatangaza kwamba ukubwa umebadilika. Msimbo wangu ukasikia, ukaijenga fomu upya. Kisanduku alichokigusa kikafutwa na kipya kikawekwa mahali pake, na kwa kuwa kipya hakijaguswa, kibodi ikashuka. Ilivyoshuka, ukubwa ukabadilika tena, fomu ikajengwa tena. Akagusa tena. Ikapanda, ikashuka. Kreti zilikuwa zimesimama, wakulima wametoka na mzigo alfajiri, jua limeshapanda, na zabibu hazisubiri. Yule karani alikuwa ameacha simu siku mbili nzima, anaandika kwenye daftari, na bado alikuwa anaijaribu kila asubuhi kwa sababu aliniamini.

Upana wa kioo haukuwa umebadilika hata pikseli moja. Kilichobadilika ni urefu. Mimi nilikuwa nauliza swali la upana kila mara kivinjari kiliponiambia habari yoyote ya ukubwa, na kila mara nikabomoa nyumba na kuijenga. Ningetumia matchMedia, msimbo wangu usingeitwa hata mara moja. Chrome ya Android iliibadili tabia hiyo ya kibodi kuanzia toleo la 108, mwishoni mwa 2022, lakini simu ambazo hazijasasishwa zipo mikononi mwa watu, na hata leo kile kisanduku cha anwani kikijificha mtu anaposkroli, tukio la resize linarushwa. Tena kumbuka, ukiijaribu simu kwa zile zana za Chrome za kwenye laptop, kibodi haipandi. Nilikuwa nimejaribu humo mara nyingi.

Ndiyo maana nawaambia, chukueni simu halisi. Azima ya jirani, azima ya mama mwenye nyumba. Na mkiichukua, msidanganywe na kasha. Simu nyingi za bei nafuu tunazonunua hapa zimeandikwa 720 kwa 1600. Kijana akisoma hapo anadhani simu ina upana wa pikseli 720, anaweka mpaka wake 700, halafu anashangaa kwa nini haifiki. Hizo ni nukta za kioo. CSS inahesabu pikseli zake yenyewe, na kwenye simu kama hiyo nukta mbili kwa mbili hufanya pikseli moja, kwa hiyo upana unaoonwa na ukurasa wako ni 360. Andika devicePixelRatio kwenye konsoli uone, itakuambia 2. Na kama ukurasa umesahau ile meta ya viewport yenye width=device-width, simu itajidai ina upana wa 980, itauonyesha ukurasa wa kompyuta ukiwa mdogo kama chungu, na brekipointi zako zote, yaani ile mipaka ya upana, hazitasikika. Kabla hujatafuta kosa popote pengine, tazama kama mstari huo upo.

Halafu igeuze simu hiyohiyo ilale. Sasa upana ni karibu 800. Umeshavuka 768. Msimbo unaosema "zaidi ya 768 ni kompyuta" unampa mtu wa kwenye daladala menyu ya kupitishia panya juu yake, naye ana kidole tu, na urefu uliobaki haufiki 360. Upana haukuambii mtu ameshika nini. Ukitaka kujua kama ni kidole, uliza hilo: pointer: coarse ni swali halali la media kweri, na matchMedia inalijibu. Kinyume chake pia kipo. Laptop ya 1366 ikikuzwa kwa asilimia 200, upana unakuwa 683, na mzee wa ofisini mwenye miwani anaona mpangilio wa simu. Mwache auone, ndio unaomfaa. Mwongozo wa ufikivu wa WCAG 2.1 wa mwaka 2018 unataka maandishi ya ukurasa yasomeke kwa upana wa pikseli 320 bila kuskroli kulia na kushoto, na kipimo hicho kimewekwa kwa ajili ya watu kama huyo. Tafadhali msiandike msimbo unaosoma jina la kivinjari ili kubahatisha kama ni simu na kumfungia mtumiaji asikuze.

Mdogo wangu umeniuliza pia brekipointi uziweke wapi. Kwenye barua umeniwekea orodha ya Bootstrap: 576, 768, 992, 1200, 1400. Ni orodha nzuri ya kuanzia. Lakini ujue zilikotoka. 768 ni upana wa iPad ya kwanza ya 2010 ikisimamishwa wima, na wazo lenyewe la ukurasa mmoja unaojipanga kwa kila kioo lilipewa jina na Ethan Marcotte, Mmarekani, katika makala ya Mei mwaka huohuo. Zilichaguliwa kwa vifaa vya kule na kwa maneno ya Kiingereza.

Kiswahili ni kirefu. Fungua tovuti yoyote ya taasisi zetu utazame ile mistari ya juu: Wasiliana Nasi, Barua Pepe za Watumishi, Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara. Kwa Kiingereza, hiyo ya mwisho wanaiandika kwa herufi tatu. Menyu ambayo kwa Kiingereza inakaa vizuri kwenye 992, kwa Kiswahili inavunjika mstari wa pili kwenye 1100, nembo inasukumwa, na kitufe cha kutafuta kinaangukia juu ya picha. Tovuti ya lugha mbili ina mipaka miwili tofauti. Hili hakuna kitabu cha Bootstrap kitakachokuambia, kwa sababu walioitengeneza hawakuwa na neno "yaliyoidhinishwa" kwenye jedwali lao.

Kwa hiyo weka maneno yako halisi, ya Kiswahili, marefu kuliko yote yatakayotumika. Anza na dirisha la 320, livute taratibu kulia. Mahali ukurasa unapoanza kuonekana vibaya, andika namba. Hapo ndipo mpaka wako. Ukiwa na tovuti ya bei za mazao, jedwali lenye safu za zao, soko, bei ya chini, bei ya juu na tarehe litavunjika mapema kuliko menyu, na hakuna sababu ya kulilazimisha libadilike pamoja na menyu.

Jedwali hilo ndilo lingefaa kutumia kitu kipya zaidi, container query, ambayo inauliza upana wa kisanduku kinacholibeba na siyo upana wa dirisha zima. Vivinjari vikubwa vyote vimekuwa nayo tangu Februari 2023. Jedwali moja likiwekwa katikati ya ukurasa litaonyesha safu zote, likiwekwa pembeni litajikunja lenyewe, bila JavaScript. Na kama ni lazima JavaScript ijue, kwa mfano kwa ajili ya grafu inayochorwa, ResizeObserver hukuambia kisanduku hicho kimebadilika ukubwa. Kwa simu za zamani acha mpangilio wa kawaida ufanye kazi bila container query.

Lakini kabla ya yote hayo nikuombe ujiulize kama unahitaji JavaScript kabisa. Hizo menyu zako mbili, CSS peke yake inaweza kuzionyesha na kuzificha. Wengi huandika menyu mara mbili na picha mara mbili, moja ya simu na moja ya kompyuta, kisha wanaificha isiyotakiwa kwa display: none. Picha iliyofichwa hivyo bado inapakuliwa. Mama wa Kongwa aliyenunua bando la siku analipia picha ambayo hataiona. Tumia srcset, kivinjari kichague picha moja. Na wapo wanaofungua kwa Opera Mini ya kubana data, ambako ukurasa hupikwa kwenye seva na JavaScript yako haifanyi kazi kama ulivyotegemea, na wapo wenye kitochi chenye KaiOS, upana 240. Kwa hao, ukurasa ambao unasomeka kabla JavaScript haijaamka ndio ukurasa pekee walio nao.

Nasisitiza haya kwenu ninyi wa Dodoma kwa sababu. Tangu Serikali ihamie hapa, mifumo mingi inatengenezwa umbali wa nauli moja ya bajaji kutoka mnakolala. Mamlaka ya Serikali Mtandao ina makao yake makuu hapa, wizara ziko Mtumba, na wengi wenu mtaenda huko kwa mafunzo ya vitendo kabla hamjamaliza chuo. Kosa la pikseli 17 kwenye mradi wa darasani linakusumbua wewe na mwalimu wako. Likipelekwa kwenye fomu ya kuombea mkopo, cheti au pembejeo, linasimama mbele ya mtu aliyetembea kutafuta mtandao, kwenye jua ambalo kioo hakionekani vizuri, na ambaye atadhani kosa ni lake.

Basi, mdogo wangu, jioni ya leo fungua mradi wako na utafute 768 kwenye mafaili yote. Ukiikuta ndani ya JavaScript, acha kupima, weka matchMedia, au ifute kabisa utumie lile neno la --mpangilio. Kisha azima simu ya mtu mwingine, gusa kila kisanduku cha kuandikia mpaka kibodi ipande, igeuze ilale, igeuze isimame. Ukikwama, niandikie tena, na unitajie ni simu gani na kioo chake kinasema upana gani.